Jinsi wanaakiolojia wanavyofukua na kusoma vitu vya China ya kale, na namna ya kujaribu mwenyewe hapa Iringa

Kila mwaka mvua zikikata, mwezi wa tano hivi kabla baridi ya Iringa haijakaza, mimi na wanafunzi wa klabu ya historia tunafungua shimo moja nyuma ya bustani ya shule. Ni shimo la kutengeneza, yaani mwaka mmoja kabla tunazika vitu wenyewe, vipande vya chungu cha Wakisi kilichovunjika, ulezi uliounguzwa, mifupa ya kuku, shanga mbili tatu, alafu kundi la mwaka unaofuata linafukua bila kujua nini kiko wapi. Tulianza na mambo ya kwetu, Isimila penye zana za mawe za kale na Kalenga ya Mkwawa, ila siku moja tumerudi Isimila mwanafunzi akaniuliza, mwalimu, wale askari wa udongo wa Wachina tuliowaona kwenye simu walitolewaje ardhini bila kuvunjika? Nikajibu nusunusu, usiku nikakaa kusoma, na nikakuta wengi wao walikutwa wameshavunjika vipande vipande, kinachoonekana kimesimama leo ni kazi ya miaka ya kuunganisha. Tangu hapo mifano yangu mingi inatoka China, sababu wale wenzetu karibu kila tatizo la kufukua limeshawakuta.

Kabla hujashika mwiko naomba uelewe jambo moja, na nitalirudia sana humu ndani. Kitu ulichokikuta ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni pale kilipolala, kina gani, pembeni yake kulikuwa na nini, udongo wa juu yake ulikuwaje. Ukikinyanyua bila kuandika hiyo nusu ya pili umeipoteza moja kwa moja, hairudi hata ukiwa na maabara ya mabilioni.

Mimi nalijua hili kwa maumivu. Nikiwa mdogo kule Uyole, Mbeya, baba mdogo alikuwa anachimba udongo wa matofali akakuta chungu kizima kimelala, ndani yake kuna shanga. Tulifurahi sana! Tukakiosha, shanga wakagawana watoto, chungu kikawa cha kuwekea kuku maji mpaka kikavunjika. Wa Uyole mnajua kule chini kuna lile tabaka la mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea kwenye maji, sasa kama tungeangalia tu chungu kilikuwa juu ya lile tabaka au chini yake leo ningeweza kusema kilizikwa kabla ya mlipuko ule au baada yake. Hakuna aliyeangalia. Tulikuwa na chungu mkononi na hatukujua chochote kuhusu mwenye chungu.

Na China yaliwakuta hayo hayo kwa ukubwa wa kutisha. Kwa miaka mingi kwenye maduka yao ya dawa za asili walikuwa wanauza kitu kinaitwa mifupa ya joka, inasagwa mgonjwa anakunywa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1899 msomi mmoja wa Beijing, Wang Yirong, akaona kwenye ile mifupa kuna maandishi ya zamani mno. Ilikuwa mifupa ya ramli ya wafalme wa enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mabega ya ng'ombe na magamba ya tumbo ya kobe, mtu anauliza swali, mfupa unachomwa mpaka unapasuka, alafu mpasuko unasomwa na swali linaandikwa palepale juu ya mfupa. Wauzaji wakaficha inakotoka ili wasipoteze biashara, ikachukua miaka karibu kumi wasomi kujua kwamba inatoka kijiji cha Xiaotun pale Anyang, mkoa wa Henan, na ufukuaji wa kitaalamu ukaanza 1928. Fikiria mingapi ilishanywewa. Na ile iliyobaki kwa wauzaji hakuna anayejua ililala na nini.

Mwaka 1936 walipokuta palepale shimo moja limejaa mifupa na magamba, likapewa namba YH127, walikuwa wameshajifunza. Hawakuokota kimoja kimoja juani. Walikata bonge zima la udongo likiwa na vilivyomo, wakalifunga kwenye kreti la mbao, likapelekwa Nanjing likiwa zima, na ndani zikahesabiwa zaidi ya vipande 17,000. Ndo tofauti ya kununua dukani na kufukua.

Sasa tuingie kazini.

Vifaa

Usiogope, vingi viko kwa fundi ujenzi jirani yako. Mwiko mdogo wenye ncha, kamba ya fundi, vigingi vinne, tepu ya mita tano, pimamaji, karai, ndoo mbili, brashi ya rangi, mswaki wa zamani, chekeche ya wavu mdogo, mifuko ya kaki, peni isiyofutika na maji, daftari la mistari na karatasi ya grafu, simu yenye kamera. Jembe na sururu weka stoo, vinatumika juu kabisa tu na kwa mtu mwenye mkono mwepesi.

Tembea kwanza

Kazi kubwa ya mwanzo haina shimo. Ni kutembea. Mwaka 1959 mzee mmoja msomi, Xu Xusheng, akiwa na miaka zaidi ya 70, alizunguka vijijini mkoa wa Henan akiwa na majina ya mahali aliyoyatoa kwenye vitabu vya kale, anatafuta mji wa nasaba ya Xia, ukoo wa wafalme unaosemekana kutawala kabla ya Shang, na katika safari hiyo wakafika Erlitou wakakuta vigae vimetapakaa mashambani. Erlitou leo ni moja ya sehemu muhimu kuliko zote kwa kuelewa mwanzo wa dola ya China, na wengi kule wanaamini ndo mji mkuu wa Xia wenyewe ingawa mjadala haujaisha.

Unaona alivyofanya, alisoma, akauliza wenyeji, akaangalia chini. Na wewe fanya hivyo. Nenda shamba lililolimwa baada ya mvua ya kwanza, trekta au plau imegeuza udongo na mvua imeosha, vigae vinang'aa. Nenda kwenye makorongo, maana maji yanachimba bure, hata Isimila pale kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini zile zana za mawe zilionekana kwa sababu korongo lilikata ardhi, alafu ndo wanasayansi wakaja kufukua 1957 na 1958. Uliza wazee kwanini kilima kinaitwa vile kinavyoitwa. Siku hizi China wanaongeza na droni na picha za satelaiti, lakini wakulima bado wana nafasi yao kubwa. Wale askari wa udongo karibu na Xi'an waligunduliwa Machi 1974 na wakulima waliokuwa wanachimba kisima wakati wa ukame.

Ukiona kigae shambani kipige picha na ukiache hapo hapo. Andika mahali. Usijaze mfuko.

Koleo la Luoyang

Hiki kifaa nakipenda kuliko vyote kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Ni koleo jembamba mfano wa bomba lililopasuliwa nusu kwa urefu, upana wa sentimita tano hivi, limefungwa kwenye mti mrefu, unalidondosha wima chini kwa nguvu, unalizungusha, unalitoa na udongo wa kule chini umekaa ndani yake kwa mpangilio wake. Unarudia shimo hilo hilo mpaka mita kadhaa. Asili yake ni wezi wa makaburi wa mji wa Luoyang mwanzoni mwa karne ya 20, wao walikuwa wanatafuta dhahabu na shaba, wanaakiolojia wakaona kifaa ni kizuri mno kuachiwa wezi wakakichukua.

Linasoma nini? Udongo tu. Udongo ambao haujawahi kuguswa una rangi moja. Udongo wa msingi wa jumba la kale umeshindiliwa tabaka kwa tabaka, kama mafundi wetu wanavyoshindilia kifusi kabla ya kumwaga jamvi, kwahiyo unatoka mgumu na una mistari. Na udongo wa kaburi ni mchanganyiko, sababu mtu alichimba akatoa wa juu na wa chini, alafu akaurudisha ukiwa umechanganyika, Wachina wanauita udongo wa maua matano kwa jinsi ulivyo na madoa ya rangi nyingi. Ukitaka kuhakikisha, tafuta sehemu barabara imekata ardhi ikapita kwenye choo cha shimo kilichofukiwa zamani, utaona lile doa la mchanganyiko limesimama katikati ya udongo mwekundu uliotulia. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Mwaka 1976 pale Anyang mama mmoja, Zheng Zhenxiang, alikuwa anaongoza kupima hivyo hivyo chini ya msingi wa jengo. Wengine waliona hapo hamna kitu zaidi ya msingi, yeye akataka waendelee chini, koleo likaja na udongo wenye mabaki mekundu ya lakeri, ile vanishi ya utomvu wa mti waliyokuwa wanapaka majeneza. Lilikuwa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, kina cha mita 7.5, halijaguswa na mwizi hata mmoja kwa zaidi ya miaka 3,000. Vyombo na silaha za shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na madini ya bati, zaidi ya 460, vitu vya jiwe la jedi 755, na kauri karibu 7,000.

Nisimame hapo kwenye kauri. Kiswahili chetu kina neno moja kwa simbi ya baharini na kwa sahani ya Kichina, vyote ni kauri. Simbi zile zilisafiri kutoka bahari za joto mpaka kaburini kwa malkia wa bara, na baadae sana sahani za kauri zikasafiri kutoka China mpaka Kilwa. Kila nikilisema darasani naona watoto wanatulia.

Shuleni sisi tulimpa fundi wa kuchomelea bomba la chuma la inchi mbili akalipasua nusu akaliunga kwenye nondo. Linafika mita moja na nusu tu, linatosha. Ila sikilizeni, hilo ni la kutumia kwenye shimo lenu la mazoezi peke yake, sababu za kisheria nitazieleza mbele.

Piga mraba

China mara nyingi wanagawa eneo kwa miraba ya mita 5 kwa 5, na upande wa kaskazini na wa mashariki wanaacha ukuta wa mita moja haujachimbwa. Ule ukuta ni ushahidi, ukishachimba ndani unabaki umesimama unaonyesha matabaka yote kama keki iliyokatwa, ukibishana na mwenzako kuhusu tabaka mnarudi kuusoma. Sisi tunafanya mita 2 kwa 2. Pembe mraba unaipata kama fundi anavyopiga msingi, tatu nne tano, yaani upande mmoja tatu, mwingine nne, mshazari tano, alafu pima kona kwa kona, kwa mraba wa mita mbili lazima upate mita 2.83 pande zote mbili, ukipata tofauti hamisha kigingi. Chagua kigingi kimoja kiwe sifuri yako, kamba na pimamaji vikitoka hapo ndo vinakupa kina cha kila kitu. Usikisogeze mpaka kazi iishe.

Kukwangua, sio kuchimba

Hapa ndo wengi wanaharibu maana mkono wa Kitanzania umezoea jembe, unataka kuona kina. Mwiko unaulaza, unakwangua kuja kwako, milimita chache, uso mzima wa mraba unashuka pamoja. Unatafuta mabadiliko ya rangi na ugumu. Rangi ikibadilika simama, hilo ni tabaka jipya, lipe namba yake. Sheria ni kwamba kilichoingia mwisho kinatoka kwanza, kwahiyo kama kuna shimo la takataka lililochimbwa kukata tabaka la zamani, lile shimo unalimaliza lote kwanza ndo urudi kwenye tabaka, vinginevyo utachanganya vitu vya watu waliopishana miaka elfu.

Vitu vingine vinavyofukuliwa havipo kabisa. Pale Anyang wamefukua magari ya kukokotwa na farasi ya enzi ya Shang, magurudumu yana spoku zake, na mbao yote ilishaoza zamani ikawa udongo. Mfukuaji anafuata tu ule udongo uliochukua nafasi ya mbao, rangi yake imepishana kidogo na wa pembeni na ulaini umepishana kidogo, anakwangua wa nje anauacha wa ndani mpaka gurudumu linasimama, gurudumu la udongo mtupu. Mimi nikiangalia picha zile nashindwa kuongea. Mtu mwenye haraka angepita na sururu akasema hapa hamna kitu.

Zoezi lake ni rahisi. Wakati wa kuzika vitu vyako chimba vishimo vinne vya nguzo, vijaze udongo mweusi wenye majivu, funika na udongo wa kawaida. Atakayefukua mwakani asipoona miduara minne myeusi, basi kapita kwenye nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Akiona ukame umefifisha rangi apulizie maji kidogo kwa chupa, rangi zinarudi.

Andika mpaka mkono uume

Kila kitu kinapata mfuko, na kila mfuko unaandikwa jina la eneo, mraba, tabaka, kina, tarehe, nani kafukua. Weka karatasi nyingine ndani ya mfuko maana maandishi ya nje yanafutika. Kabla ya kunyanyua piga picha ikiwa na kipimo pembeni na mshale wa kaskazini, chora kwenye grafu, sentimita moja kwa sentimita 20 inatosha kwa mraba wetu. Wanafunzi wananiuliza kwanini tuchore wakati simu ipo, jibu ni kwamba ukichora unalazimika kuamua mstari wa tabaka unapita wapi, simu haiamui. Kwa upande mwingine ukipiga picha nyingi zinazopishana pande zote, kompyuta inaziunganisha inakupa umbo kamili la shimo, China hilo ni la kila siku sasa, na hata simu zetu zinaweza.

Mfuko usio na karatasi sisi tunauweka pembeni, hauhesabiki hata kama una kitu kizuri kuliko vyote. Mwaka juzi wanafunzi walilia kwa ajili ya shanga moja ya bluu iliyookotwa kwenye chekeche bila kujulikana ndoo ile ilitoka tabaka gani. Sikubadilisha.

Vitu dhaifu

Wale askari wa udongo hawakuwa na rangi ya kijivu tunayoiona. Walipakwa rangi kali, nyekundu, kijani, bluu, zambarau, juu ya lakeri. Zimekaa kwenye unyevu miaka 2,200, zikikutana na hewa kavu lakeri inajikunja na kubanduka na rangi yake ndani ya dakika chache. Wengi wa mwanzo rangi zao zilipotea hivyo. Baadae wataalamu wa China wakishirikiana na Wajerumani wakapata njia, unaweka unyevu palepale, unapaka kemikali ya polietilini glaikoli inayochukua nafasi ya maji taratibu, ndo unaendelea kufukua. Na ndo sababu sehemu kubwa ya mashimo yale haijafukuliwa mpaka leo, wanakadiria askari kama 8,000 kwa ujumla na wengi bado wako chini kwa makusudi.

Kaburi lenyewe ambalo askari wale waliwekwa kulilinda, la Qin Shi Huang, mtawala aliyeunganisha China mwaka 221 K.K., halijafunguliwa kabisa. Mwanahistoria wa kale Sima Qian aliandika kwamba ndani walitengeneza mito ya zebaki, na udongo wa juu ya kile kilima ulipopimwa ulikutwa na zebaki nyingi isivyo kawaida. Nawaambia hivi vijana wanaotamani kufungua kila kitu leo leo, wenye kaburi hilo wana pesa na wana teknolojia na bado wamesema tusubiri.

Mfano mwingine ni Sanxingdui, Sichuan. Mashimo mawili ya kwanza yalifukuliwa 1986, yakatoa sura za shaba zenye macho yaliyochomoza na sanamu ya mtu yenye kimo cha karibu mita 2.6 pamoja na kiti chake. Miaka ya 2019 na 2020 wakakuta mengine sita, na safari hii wakajenga vyumba vya vioo juu ya mashimo, joto na unyevu vinaendeshwa, wafukuaji wamevaa mavazi kama ya chumba cha upasuaji, wamelala kifudifudi kwenye jukwaa linaloning'inia ili mguu usiguse chini. Matunzo hayo yaliwapa kitu ambacho jicho lisingeona, mabaki ya hariri iliyooza, yaliyotambuliwa kwa kupima protini yake.

Hapa kwetu glasi hatuna. Tunaweka kivuli cha turubai, tunafunika sehemu isiyofanyiwa kazi kwa gunia lenye unyevu, na kitu kinachotaka kumeguka tunakitoa na udongo wake kama walivyofanya YH127, tunazungushia bandeji iliyolowekwa kwenye plasta, ikikauka unakata chini unageuza.

Chekeche na ndoo

Udongo wote unaotoka unachekechwa, wote. Alafu chukua ndoo moja ya udongo kutoka kila tabaka, hasa penye majivu, mimina kwenye maji, koroga polepole. Mbegu zilizoungua zinaelea, zinakingwa na kitambaa chembamba zinakaushwa kivulini. Kwa njia hii China wamejua watu wa kaskazini walianza na jamii za mtama mdogo wakati wa kusini wakilima mpunga. Sisi ulezi wetu unaelea vizuri sana, mtoto anayeuona mara ya kwanza anadhani ni uchawi, ukimweleza mkaa ni mwepesi kuliko maji anaelewa fizikia siku hiyo hiyo.

Chakula kinasema mengi. Kule Mawangdui, Changsha, kaburi lililofukuliwa 1972 lilikuwa limezungushiwa mkaa na udongo mweupe mzito hewa isipite, mwili wa mama aliyekufa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita ulikutwa ngozi bado laini, na madaktari walipompasua wakakuta mbegu 138 za tikiti ndani ya njia yake ya chakula. Alikula tikiti muda mfupi kabla hajafa. Yaani unajua mlo wa mtu na msimu aliokufa, sababu tu kuna waliohesabu mbegu.

Mezani

Vigae osha kwa mswaki na maji ya kawaida, ila acha vichache bila kuosha kabisa, kwa sababu ndani ya vinyweleo vya chungu kunabaki mafuta na masalia ya kilichopikwa. Vyungu vya Jiahu, Henan, vya miaka 9,000 hivi, vilikutwa na masalia ya kinywaji kilichochachuka cha mchele, asali na matunda. Vingeoshwa vizuri na mtu nadhifu habari ingeishia kwenye beseni.

Kausha kivulini, panga kwa mdomo, shingo, tumbo na kitako, alafu anza kuunganisha. Gundi iwe ya kubandulika, sio ile ya kubana milele, maana utakosea. Mwenye macho mazuri aangalie ndani ya kipande alama za vidole, aangalie udongo una mchanga gani. Kwenye shaba nyeusi za China walijua zilivyotengenezwa kwa kuangalia mishono, mistari midogo inayobaki pale vipande vya kalibu ya udongo vilipokutana, na Anyang zimekutwa kalibu zenyewe zilizovunjika. Mionzi ya eksirei inaonyesha madini yaliyomo bila kukata kitu. Hata sauti ni ushahidi, kaburi la Zeng Hou Yi, mtawala wa dola ndogo ya kale, lililofukuliwa 1978 kule Hubei lilikuwa na kengele 65 za shaba, karibu kila moja ukiigonga katikati inatoa noti moja na ukiigonga pembeni inatoa nyingine, na zimeandikwa juu yake majina ya noti zenyewe.

Kwa kauri za Kichina zinazokutwa pwani yetu, kama Kilwa, wanapima kemia ya kipande na kulinganisha na matanuri ya kule, Jingdezhen, Longquan na kwingine. Na zinafanya kazi ya kalenda, kwa vile mitindo ya kauri za Kichina inajulikana ilibadilika lini, tabaka la Kilwa lenye kipande kile linapata umri wake kutoka China.

Umri

Kaboni 14 ndo maarufu, ni aina ya kaboni iliyomo ndani ya kila kilichokuwa hai, kikifa kila baada ya miaka 5,730 inapungua nusu, kwahiyo mkaa, mbegu au mfupa unaweza kupimwa mpaka kama miaka 50,000 nyuma. Isimila imepita hapo mbali, ilibidi watumie njia ya urani wakapata zaidi ya miaka 200,000. Pima mbegu kuliko gogo kubwa, maana mti unaweza kuwa ulishakuwa na miaka 300 siku unakatwa.

Sarafu inadanganya ukiisoma vibaya. Mwaka 2013 kisiwani Manda, Kenya, ilikutwa sarafu ya shaba ya mfalme Yongle wa China, yule aliyemtuma baharia Zheng He na meli zake. Inakwambia kwamba tabaka lile halikufunga kabla ya sarafu kutengenezwa, mwanzoni mwa karne ya 15. Haikwambii kwamba lilifunga mwaka huo, sarafu inaweza kuzunguka mikononi miaka mia. Wala haikwambii nani aliileta.

Ukikuta kitu cha kweli

Simama. Usikitoe, usikioshe, usiite watu. Piga picha, weka alama, rudishia udongo kidogo, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, na afisa utamaduni wa halmashauri, wao wafikishe Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na kufukua bila leseni ni kosa. Ndo maana shimo letu la shule ni la vitu tulivyozika wenyewe, na tulipima kwanza kwa macho na kwa kuuliza wazee tusije tukaangukia kaburi la mtu.

Najua huku kwetu, Mbeya, Njombe, Iringa, kuna habari za mali za Mjerumani, na wapo wanaozunguka na vipimo wakiahidi zebaki na rupia. Nimeona kilima kimetobolewa mashimo tisa kwa ajili ya hadithi hiyo. Walichopata ni vigae, wakavitupa pembeni vikiwa vimechanganyika, na vigae ndo vilikuwa mali. Kule Jiangxi mwaka 2011 wanakijiji waliona wezi wametoboa kaburi wakatoa taarifa haraka, wataalamu wakawahi, likawa kaburi la Liu He aliyetawala China kwa siku 27 tu, na ndani kukakutwa sarafu za shaba karibu milioni mbili, zaidi ya tani kumi.

Kufukia

Shimo haliachwi wazi. Chora kuta zote nne mara ya mwisho, piga picha, tandika turubai kuukuu chini na pembeni ili atakayekuja ajue mwenzake aliishia wapi. Juu ya turubai sisi tunaweka sarafu ya shilingi mia mbili na kipande cha bati kilichokwaruzwa tarehe kwa msumari, maana sarafu peke yake itamwambia tu kwamba hatukufukia kabla haijatengenezwa. Mdogo kuliko wote kwenye kundi ndo anaishika na kuiweka katikati, wengine wanasubiri na makarai yao, alafu udongo unarudi ule wa chini kwanza.